Setilaiti Haileti Faida, Mtazamaji Anayelipa Ndiye Huileta

WIKI hii tunaweka kando kidogo bei za mazao na fedha za kigeni. Tunataka kujifunza biashara ambayo wengi wetu tunaiona kila siku juu ya mapaa ya nyumba za mtaani, lakini ni wachache wanaoijua hesabu yake. Ni biashara ya televisheni inayorushwa kutoka kwenye setilaiti moja kwa moja hadi nyumbani kwa mtazamaji.

Somo hili linamhusu mwenye duka la vifaa vya umeme anayeshawishiwa kuchukua ving'amuzi 200 kwa fedha taslimu. Linamhusu pia mwekezaji mdogo anayevutiwa na kampuni yoyote inayotaja neno "setilaiti" katika waraka wake wa kuuza hisa. Wote wawili wanaweza kupoteza mtaji kwa kosa moja, nalo ni kudhani kuwa mtambo wa gharama kubwa lazima ulete faida kubwa.

Tutaanza na mtambo wenyewe, kisha tutaona yaliyotokea Uingereza kati ya 1988 na 1990, ambako kampuni mbili nusura ziangamizane. Mwisho tutarudi nyumbani.

Mtambo unavyofanya kazi

Setilaiti ya televisheni huwekwa juu ya Ikweta, umbali wa kilometa 35,786 kutoka usawa wa bahari. Katika umbali huo huzunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, yaani takriban saa 24. Kwa hiyo sisi tulio chini tunaiona kama imesimama mahali pamoja. Hapo ndipo biashara yote ilipoegemea. Dishi la nyumbani likishaelekezwa mara moja halihitaji kuhamishwa tena.

Kituo cha ardhini hurusha picha hadi kwenye setilaiti. Setilaiti huzipokea, huzikuza nguvu, hubadili masafa yake na kuzirudisha duniani. Chombo kinachofanya kazi hiyo huitwa transponda, na setilaiti moja huwa na transponda kadhaa. Umeme wake hutoka kwenye mabawa yanayonasa mwanga wa jua, na betri husaidia pale setilaiti inapoingia katika kivuli cha dunia.

Jambo la tatu la kukumbuka ni mafuta. Mvuto wa jua na mwezi huisukuma setilaiti nje ya mahali pake, kwa hiyo lazima irekebishwe mara kwa mara kwa vijiinjini vidogo. Mafuta yakikaribia kwisha, mwenye mtambo huisogeza juu zaidi, kwenye eneo la kutupia setilaiti zilizochakaa. Kwa kawaida maisha yake huwa kati ya miaka 10 na 15, au zaidi kidogo. Mfanyabiashara aielewe hivi: ni lori ambalo haliwezi kupelekwa gereji, lina tangi moja la mafuta, na kila siku linazeeka hata kama halikubeba mzigo.

Nyumba ya kupangisha angani

Katika biashara hii kuna watu watatu, na ni muhimu kutowachanganya.

Wa kwanza ni mwenye setilaiti. Huyu ni kama mwenye jengo la maduka. Analipa kiwanda kilichoitengeneza, analipa kampuni ya roketi, na akipenda analipa bima. Kisha hupangisha transponda zake kwa mikataba ya miaka mingi.

Wa pili ni mwenye chaneli au mwenye mkusanyiko wa chaneli. Huyu ni mpangaji. Analipa kodi ya transponda, ananunua filamu na haki za kuonyesha mpira, halafu anatafuta watazamaji wa kulipa kila mwezi.

Wa tatu ni mwenye duka na fundi wake. Hawa huuza dishi na king'amuzi, hupanda juu ya paa, na mara nyingi ndio wanaokutana uso kwa uso na mteja picha inapopotea.

Kila mmoja ana hatari yake. Mwenye jengo akiwa na wapangaji wengi, mmoja akifilisika atampata mwingine. Mpangaji akikosa wateja, kodi inaendelea. Mwenye duka akibaki na mali ya kampuni iliyofungwa, hana wa kumuuzia.

Fahali wawili London

Sasa tuone mfano wenyewe. Mwaka 1986 serikali ya Uingereza kupitia mamlaka yake ya utangazaji ilitoa leseni ya televisheni ya setilaiti kwa kampuni ya British Satellite Broadcasting, au BSB. Wenye hisa wake walikuwa makampuni makubwa, miongoni mwao Pearson, Granada na Reed. BSB iliamua kununua setilaiti zake yenyewe, zilizoitwa Marcopolo, kutoka kampuni ya Hughes ya Marekani. Zilikuwa na nguvu nyingi na transponda chache, kwa sababu mpango wa kimataifa wa 1977 uliipa Uingereza masafa ya chaneli 5 tu. Aidha, BSB ilitakiwa kutumia mfumo mpya wa picha ulioitwa D-MAC, ambao ving'amuzi vyake vilikuwa bado havijatengenezwa kwa wingi.

Wakati huo huo, huko Luxembourg, kampuni ya SES ilikuwa inaandaa setilaiti yake ya kwanza, Astra 1A. Hii ilikuwa na transponda 16 zenye nguvu ya wastani, na SES haikuwa na nia ya kuendesha chaneli. Ilitaka wapangaji. Mwezi Juni 1988 Rupert Murdoch alitangaza kuwa atakodi nafasi nne kwa ajili ya Sky. Hakununua setilaiti wala hakusubiri mfumo mpya. Alitumia mfumo wa picha wa PAL uliokuwa tayari kwenye televisheni za watu, na kampuni ya Amstrad ikaahidi vifaa vya bei nafuu, pauni 199.

Astra 1A ilirushwa kwa roketi ya Ariane kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, tarehe 11 Desemba 1988. Sky ilianza kutangaza tarehe 5 Februari 1989. BSB ilipanga kuanza mwaka huo huo, lakini vipuri vya elektroniki vya ving'amuzi vya D-MAC vilichelewa. Marcopolo 1 ilirushwa Agosti 1989, ikafika mahali pake salama, na ikakaa huko juu ikisubiri. Matangazo kwa madishi ya nyumbani yalianza Aprili 1990.

Msomaji apige hesabu hapo. Tangu Agosti 1989 hadi Aprili 1990 ni miezi minane. Setilaiti mpya, yenye mafuta yaliyopimwa, ilikaa angani bila mtazamaji wa nyumbani hata mmoja wa kulipa, huku mwenzake akigawa madishi mitaani. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Hata hivyo tusimsifu mpangaji kupita kiasi. Sky nayo ilikuwa inavuja fedha. Kampuni zote mbili ziligombania filamu za Hollywood na kupandishiana bei hadi mamia ya mamilioni ya pauni. Kampuni mama ya Sky, News Corporation, ilikuwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 7, na mabenki yalikuwa yameanza kubisha hodi. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi hili lilikuwa bado dogo. Tarehe 2 Novemba 1990, miezi michache tu baada ya BSB kuanza kuonekana majumbani, kampuni hizo zilitangaza kuungana na kuwa British Sky Broadcasting, BSkyB. Kwenye karatasi ulikuwa muungano wa nusu kwa nusu. Kwa vitendo, mfumo uliobaki ulikuwa wa Sky, na setilaiti iliyobaki ilikuwa Astra.

Je, setilaiti za BSB zilikuwa mbovu? Hapana. Hapa ndipo kiini cha somo. Moja iliuzwa Norway mwaka 1992 na kupewa jina la Thor 1. Nyingine iliuzwa Sweden mwaka 1993 ikaitwa Sirius 1. Zote mbili ziliendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa mikononi mwa wengine. Mtambo ulikuwa mzima, mwenye mtambo ndiye aliyeanguka. Tena aliyenunua kwa mkono wa pili hakulazimika kubeba hatari ya roketi wala miezi ile ya kusubiri.

Na waliobaki na hasara ndogo ndogo zisizoandikwa magazetini ni wenye maduka na wateja walionunua dishi la mraba la BSB. Kifaa kilichotengenezwa kwa mfumo mmoja hakiwezi kusoma mwingine. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Hesabu inayoamua

Kwa nini kampuni yenye vigogo nyuma yake ilishindwa kungoja? Tufanye mfano wa kubuni, kwa tarakimu rahisi.

Tuseme kampuni ina gharama zisizobadilika za shilingi milioni 60 kwa mwezi. Hizi ni kodi ya transponda, haki za vipindi na mishahara. Mteja analipa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kati ya hizo, 8,000 zinakwenda kwa wakala, ukusanyaji na huduma. Zinabaki 12,000 za kulipia gharama kubwa.

Kampuni inahitaji wateja 5,000 ili isipate faida wala hasara. Wakiwa 4,000, inapoteza milioni 12 kila mwezi. Wakiwa 6,000, inapata milioni 12. Mteja wa 5,001 anaingiza 12,000 bila setilaiti kuongezewa hata senti moja. Ndiyo maana biashara hii huonekana tamu sana kwenye makadirio. Kila mteja anayezidi mstari ule ni faida tupu.

Lakini kuna mdudu ndani ya hesabu hiyo. Tuseme mteja 1 kati ya 10 anaacha kulipa kila mwezi, labda kwa sababu msimu wa mpira umekwisha au ada za shule zimefika. Kwenye wateja 6,000, wanaondoka 600. Ili kuwapata wengine 600, kampuni inauza king'amuzi chini ya gharama na kujaza pengo la shilingi 40,000 kwa kila mmoja. Hiyo ni milioni 24 kwa mwezi kwa ajili ya kubaki pale pale. Faida ya milioni 12 imegeuka hasara ya milioni 12, na bado tangazo la kampuni gazetini linasema kweli kabisa kuwa "tunapata wateja wapya 600 kila mwezi".

Mwekezaji asiulize tu wangapi wamejiunga. Aulize wangapi wamelipa mwezi huu, na wangapi kati yao walilipa pia mwaka jana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kilichoiokoa BSkyB ni hesabu hiyo hiyo. Baada ya muungano hakukuwa na mshindani wa kupandisha bei za filamu, na gharama zilikatwa kwa ukali. Kisha Mei 1992 ilipata haki za kuonyesha moja kwa moja mechi za Ligi Kuu mpya ya England, katika mkataba wa miaka mitano pamoja na BBC uliotangazwa kuwa wa pauni milioni 304. Mpira uliwapa watu sababu ya kulipa mwezi hadi mwezi. Desemba 1994 hisa za BSkyB ziliingia kwenye soko la London. Mwaka 2018 kampuni ya Comcast ya Marekani iliinunua Sky kwa thamani ya takriban pauni bilioni 30. Aliyevumilia alilipwa, lakini wa kuvumilia alikuwa ni yule mwenye mfuko wa kutosha kufika upande wa pili.

Mahali ni mali kuliko mtambo

Mwenye jengo naye tusimsahau. SES iliongeza Astra 1B, 1C na 1D kati ya 1991 na 1994, na zote iliziweka mahali pale pale angani, kwenye nyuzi 19.2 Mashariki. Dishi lililokwisha kufungwa kwa ajili ya chaneli chache likapokea chaneli nyingi bila fundi kupanda tena paani. Kila mwenye chaneli mpya alitaka kuwa pale ambapo madishi ya watu tayari yanaangalia, kama mwenye duka wa Kariakoo au wa Gikomba anavyotafuta kibanda penye njia ya watu, hata kama kilemba chake ni kikubwa.

Kwetu Afrika Mashariki hali ni hiyo hiyo. Kwa sababu tuko karibu na Ikweta, dishi la Nairobi linaloelekezwa nyuzi 36 Mashariki hutazama karibu juu kabisa utosini. Mahali hapo setilaiti za Eutelsat zimekuwa zikibeba matangazo ya DStv kwa miaka mingi. Mwezi Machi 2024 Eutelsat ilirusha setilaiti mpya, 36D, kuchukua nafasi ya 36B. Mtambo unabadilika, mahali panabaki, na dishi la mteja halihami.

Mahali pazuri lakini hapaondoi hatari ya chombo chenyewe. Ujerumani ilirusha TV-SAT 1 Novemba 1987, bawa moja la kunasa jua likakataa kufunguka, na setilaiti mpya kabisa ikawa haina kazi. Oktoba 2024 setilaiti ya mawasiliano Intelsat 33e, iliyokuwa ikihudumia pia Afrika, ilivunjika vipande vipande ikiwa angani, na haikuwa na bima. Kwa hiyo swali la bima si la wanasheria peke yao.

Yaliyotufika sisi

Wapo wasomaji watakaosema kuwa London ni mbali. Basi tukumbuke GTV. Ilianza mwaka 2007 ikiwa na makao London, ikapanga nafasi kwenye setilaiti, ikapata haki za Ligi Kuu ya England kwa Afrika, na kuingia katika nchi nyingi za bara hili, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Bei yake iliwavutia wengi walioona televisheni ya kulipia kuwa ni ya matajiri. Mabango yalikuwa mazuri na setilaiti ilikuwa nzima.

Mwishoni mwa Januari 2009 ilifungwa ghafla. Kampuni ilisema kuwa msukosuko wa fedha duniani ulifanya ishindwe kupata mtaji zaidi wa kuendelea. Waliokuwa wamelipa miezi ya mbele walibaki na skrini nyeusi katikati ya msimu. Wenye maduka walibaki na maboksi.

Linganisha na mfano wetu. Gharama za haki za mpira na setilaiti zilianza siku ya kwanza. Wateja walikuja polepole, kwa mujibu wa mifuko ya watu. Fedha za kuziba pengo zilitegemea wafadhili wa nje, na wafadhili walipofunga mkoba, pengo likawa kaburi. Ni hadithi ya 1990 iliyorudi kwa jina jingine, isipokuwa safari hii hapakuwa na wa kuungana naye.

Maswali matano kabla ya kutoa fedha

Kwa mwekezaji anayesoma waraka wa hisa:

1. Je, kampuni inamiliki setilaiti au imepanga? Ikiwa inamiliki, imebakiwa na mafuta ya miaka mingapi, na ina bima? Ikiwa imepanga, mkataba unakwisha lini na kodi inalipwa kwa fedha gani? Kodi ya dola na mapato ya shilingi ni mzigo wa pili, kwa sababu shilingi ikishuka, kodi imepanda.

2. Ni wateja wangapi waliolipa mwezi uliopita, si wangapi walionunua king'amuzi tangu kampuni ianze?

3. Haki za mpira na filamu zinakwisha mwaka gani? Kampuni inayotegemea haki moja ina mlango mmoja, na funguo wa mlango huo anao mtu mwingine.

4. Fedha zilizopo benki zinatosha miezi mingapi ya hasara bila kukopa tena?

Na kwa mwenye duka:

5. Mali hii ninaichukua kwa fedha taslimu au kwa makubaliano ya kurudisha isipouzwa? King'amuzi kilichofungwa kwa mfumo wa kampuni moja si kama sukari au saruji. Sukari ukiikosea bei utaiuza kwa hasara. King'amuzi cha kampuni iliyofungwa hakiuziki kabisa. Kwa hiyo weka akiba ya wiki chache tu, dai hati ya kurudishiwa, na faida yako kubwa itafute kwenye dishi, waya na ufundi, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kutumika kwa kampuni yoyote.

Hatusemi biashara hii ni mbaya. BSkyB ilitajirisha wenye hisa wake waliongia baada ya vita kwisha, na SES, ile iliyoanza na Astra moja, ilikamilisha ununuzi wa kampuni kubwa ya Intelsat Julai 2025. Tunachosema ni kwamba roketi ikisharuka salama na watu wakapiga makofi, kazi ya biashara ndiyo kwanza inaanza. Inaanzia kwenye sebule ya mtu mwenye mshahara mdogo anayeamua, kila mwisho wa mwezi, kama alipie televisheni au anunue kilo mbili zaidi za nyama. Ukitaka kujua kama hisa au boksi unalonunua lina thamani, mwangalie huyo kwanza, kisha ndipo uangalie angani.